Pointi zipo, chumba hakuna: mwongozo kwa mmiliki wa likizo aliyechoka

Malalamiko ya wenye pointi za likizo, yaani walionunua kwenye klabu haki ya kulala kila mwaka katika majengo yake ya mapumziko na kulipia usiku kwa pointi, yanafanana mno. Ada ya mwaka imelipwa, pointi zinaonekana kwenye akaunti, tarehe za likizo ya watoto zinajulikana tangu mwaka jana, lakini ukiingia kwenye mfumo wa klabu unaambiwa nafasi zimejaa. Halafu unafungua tovuti ya kawaida ya kubuku hoteli na kukuta jengo lile lile, juma lile lile, chumba kinauzwa kwa yeyote mwenye kadi ya benki, wakati mwingine kwa bei ndogo kuliko ada uliyotoka kulipa.

Kabla ya kupandwa na hasira, elewa chumba hicho kimetoka wapi. Kampuni bado ina pointi zake ambazo hazijauzwa. Pia kuna wamiliki waliobadilisha pointi zao kwa safari za meli au kwa pointi za hoteli, na siku walizoziachia sasa ni za kampuni, nayo inazipangisha. Mara nyingi hakuna sheria iliyovunjwa. Utaratibu huo umo ndani ya mkataba, kwenye kurasa ambazo muuzaji alizipitisha haraka haraka siku ile.

Mimi nauona mpango wa pointi kama sarafu yenye benki moja tu, na benki hiyo ndiyo inayopanga leo inanunua nini na kesho itanunua nini. Wanaoumia zaidi ni wale wanaoishika kama shamba la urithi. Hatua zifuatazo zinahusu kuijua sarafu hiyo, kuitumia ikiwa bado inafaa, na kuachana nayo ikiwa haifai. Mifano mingi ni ya Marekani kwa sababu ndiko biashara hii, ambayo wengine huiita taimushea, ilikokomaa kwa upande wa pointi.

Kama umesaini juzi, anzia hapa

Hatua hii haiwezi kusubiri. Sheria za sehemu nyingi humpa mnunuzi siku chache za kughairi bila kutoa sababu yoyote na kurudishiwa fedha zake. Florida ni siku 10, zinazohesabiwa tangu kusaini au tangu kupokea hati ya mwisho unayotakiwa kupewa, lolote litakalochelewa. California na Hawaii ni siku 7. Nevada, ambako ndiko Las Vegas iliko, ni siku 5. Mexico ni siku 5 za kazi. Nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Uingereza hutoa siku 14, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata malipo ya awali.

Tafuta kifungu cha kughairi ndani ya mkataba. Siku hizi rundo la nyaraka hutolewa kwenye flashi au kishikwambi badala ya karatasi, kwa hiyo kaa chini usiku huo huo na usome. Kifungu kitataja anwani na njia ya kutuma taarifa. Fuata njia hiyo hiyo, usibuni yako. Barua iwe fupi: majina ya wote waliosaini, namba ya mkataba, tarehe ya ununuzi, sentensi moja inayosema mnaghairi, na saini za wote. Kama njia hiyo ni posta, itume kwa rejesta, tunza risiti yenye mhuri wa tarehe, na uhifadhi nakala.

Usipige simu kwanza "kuuliza utaratibu". Simu itapokelewa na mtu ambaye kazi yake ni kukubembeleza, naye ana muda kuliko wewe. Siku ya tano ikipita mkiwa bado mnaongea, shauri lako.

Haki hii ipo pia kwa mmiliki wa zamani aliyenunua nyongeza au "kupandishwa daraja". Wengi hawajui. Kama ulikuwa na pointi zako, ukaingia kwenye kikao cha mauzo, ukatoka na pointi nyingi zaidi na mkopo mpya, ununuzi huo mpya una siku zake za kughairi. Ikiwa umiliki wa awali uliingizwa kwenye biashara mpya, barua itamke wazi kwamba unataka urudi kama ulivyokuwa.

Jua hasa unachomiliki

Hapo zamani jambo hili lilikuwa jepesi kueleweka: unanunua wiki ya 27 kwenye fleti fulani, na kila mwaka wiki ya 27 ni yako. Pointi zililetwa ili mtu asifungwe na wiki moja na jengo moja. Disney ilianza klabu yake ya pointi mwaka 1991. RCI, kampuni ya kubadilishana likizo iliyoanzishwa mwaka 1974, ilileta mpango wake wa pointi mwaka 2000. Marriott, iliyokuwa imeuza wiki kwa miaka mingi, iligeukia pointi mwaka 2010. Baadaye kampuni zikaanza kumezana: Hilton Grand Vacations iliinunua Diamond Resorts mwaka 2021 na Bluegreen mwaka 2024, na Marriott nayo mwaka 2022 ikaziweka klabu zake kadhaa chini ya mpango mmoja ulioitwa Abound.

Kila muungano wa namna hiyo huzaa tabaka jipya la wanachama. Mwenye pointi za zamani huambiwa kwamba majengo mapya yapo, lakini ili ayafikie inabidi anunue kidogo tena. Ndiyo maana watu wawili waliokaa kwenye ukumbi mmoja wa mapokezi, wote wakijiita wamiliki, wanaweza kuwa na haki tofauti kabisa.

Kwa hiyo toa hati zako na ujibu swali moja: jina langu limeandikwa kwenye nini? Yawezekana una hati ya sehemu ndogo ya jengo maalumu, na pointi ni kipimo tu cha sehemu hiyo. Disney iko hivyo, na mikataba yake ina mwisho. Ile ya majengo ya mwanzo inaisha mwaka 2042. Yawezekana una hisa katika amana, yaani chombo cha kisheria kinachoshika mali kwa niaba ya wanachama, inayomiliki siku kwenye majengo mengi, bila kuwa na jengo lolote la kwako. Yawezekana una haki ya kutumia tu kwa miaka fulani, jambo la kawaida Mexico. Au una wiki ya zamani uliyoiandikisha kwenye klabu, na kila mwaka unachagua kuitumia yenyewe au kuigeuza pointi.

Ukiwa kwenye kundi hili la mwisho, usikubali kirahisi kuisalimisha hati ya wiki ili upewe pointi tupu. Wiki ya msimu mzuri kwenye jengo zuri ina kitu ambacho jedwali la pointi, yaani orodha ya klabu ya bei za vyumba kwa pointi, haliwezi kukinyofoa: ni wiki, na itabaki kuwa wiki. Nimewasikia wenye wiki wakilalamika kuhusu ada, lakini lalamiko la "wiki yangu imepungua urefu" sijalisikia.

Angalia pia kama mkataba una tarehe ya mwisho. Mingi ya Marekani haina, maana yake ada itakufuata hadi kaburini na kujaribu kuwafuata watoto. Hispania walilipiga hilo marufuku kwa mikataba ya kuanzia Januari 1999, ambayo haitakiwi kuzidi miaka 50, na Mahakama ya Juu ya huko ikaanza kuibatilisha mikataba ya milele mwaka 2015. Kama ulinunua Tenerife au Costa del Sol, sehemu za mapumziko za Hispania, baada ya Januari hiyo ya 1999, mwone wakili wa Hispania kabla ya kufanya lolote lingine.

Weka daftari

Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa ndipo wamiliki wengi huogopa kutazama. Chukua bili ya mwaka huu na uichambue mstari kwa mstari. Utakuta ada ya matunzo, inayopigwa kwa idadi ya pointi ulizo nazo. Utakuta kodi ya jengo, akiba ya matengenezo makubwa, na uanachama wa klabu ambao wakati wa kununua ulitajwa kwa haraka au haukutajwa kabisa. Kukitokea kimbunga au paa likioza, kuna mchango maalumu juu ya hayo yote. Kama bado una mkopo, riba yake kwa kawaida ni ya tarakimu mbili, kwa sababu benki za kawaida hazikopeshi kwa kitu kisichouzika, na muuzaji mwenyewe ndiye anayekukopesha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ada na uanachama ni dola 2,600 kwa mwaka. Rejesho la mkopo ni dola 390 kwa mwezi, yaani dola 4,680. Jumla dola 7,280. Mwaka uliopita pointi zako zilikupa usiku 7. Gawanya: dola 1,040 kwa usiku mmoja. Mkopo ukishaisha, hesabu inashuka hadi kama dola 371 kwa usiku. Sasa fungua tovuti ya hoteli, tafuta chumba cha ukubwa ule ule tarehe zile zile, jumlisha kodi zote, kisha weka namba mbili ubavuni kwa ubavu.

Gawanya kwa usiku uliolala kweli. Muuzaji hugawanya kwa usiku ambao pointi zingeweza kukupa kama ungesafiri msimu mbovu, katikati ya wiki, kwenye chumba kidogo. Pointi zilizoisha muda bila kutumika, weka sifuri.

Na bei uliyonunulia? Iache nje ya hesabu hii. Najua inauma. Dola 24,000 ulizotoa miaka ile zimekwenda, na hazirudi ukibaki wala ukiondoka. Swali la leo ni kama dola 2,600 za mwaka ujao, na za mwaka unaofuata, zitakununulia likizo nzuri kuliko dola hizo hizo zikiwa mfukoni mwako. Nimewaona watu wenye akili zao wakilipa ada miaka kumi zaidi kwa sababu tu "tulishatoa hela nyingi sana". Hiyo ndiyo sentensi ambayo kampuni inaiombea.

Fanya hesabu ya pili ndogo: tafuta bili za miaka mitano ya nyuma uone ada imepanda kwa kiasi gani. Ikiwa inapanda haraka kuliko mshahara wako au pensheni yako, jibu limeshaanza kujiandika.

Soma jedwali la pointi kwa jicho la mhasibu

Kila klabu ina jedwali linaloonyesha chumba gani, jengo gani, usiku gani, pointi ngapi. Lipakue kila mwaka na uhifadhi, kwa sababu matoleo ya zamani yana tabia ya kutoweka kwenye tovuti, na bila la zamani huwezi kuonyesha kilichobadilika.

Kushuka thamani kwa pointi hakutangazwi. Kwa Disney, kwa mfano, jumla ya pointi za nyumba moja kwa mwaka haitakiwi kuongezwa. Wakipandisha usiku mmoja lazima washushe mwingine. Inasikika kama kinga, nayo ni kinga kweli, lakini ina tundu. Msimu uliokuwa mtulivu unaweza kupandishwa kwa sababu watu wameanza kuupenda, huku punguzo likipelekwa kwenye tarehe ambazo hakuna anayesafiri. Jambo lingine: fleti ya vyumba viwili inayoweza kufungwa katikati ikawa mbili, ukizibuku nusu zake moja moja, jumla ya pointi huzidi ile ya fleti nzima. Mwenye kusafiri wawili wawili analipia mlango ule wa katikati.

Klabu nyingine hazina hata kinga hiyo. Tafuta kwenye masharti maneno yanayosema ni nani mwenye mamlaka ya kubadilisha jedwali na kwa kiwango gani kwa mwaka. Ukikuta ni "kwa hiari ya kampuni" bila kikomo, umejua sarafu yako ni ya aina gani.

Kwa matumizi ya kila siku: usiku wa Jumapili hadi Alhamisi kwa kawaida ni rahisi kuliko Ijumaa na Jumamosi, na tofauti si ndogo. Anayeweza kuwasili Jumapili na kuondoka Ijumaa hunyoosha pointi zake mbali. Asiyeweza, kwa sababu ya shule au kazi, ajue mpango huu haukutengenezwa kwa ajili yake, hata kama picha za kwenye brosha ni za familia yenye watoto.

Buku siku mlango unapofunguliwa

Chumba kizuri cha msimu mzuri hakipatikani "karibu na safari". Kila klabu ina siku ambayo nafasi huanza kutolewa, na wenye jengo lao hutangulia. Kwa Disney ni miezi 11 kabla kwa jengo ulilonunulia na miezi 7 kwa mengine. Kwa Hilton ni miezi 12 kwa wenye jengo lao, kisha kama miezi 9 kwa klabu nzima. Kwa Club Wyndham wenye kipaumbele huanza miezi 13 kabla na wengine miezi 10. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu, pamoja na saa mfumo unapofunguka, na saa za eneo gani. Kwa wiki ya Krismasi au theluji nzuri ya milimani, kuchelewa asubuhi moja kunatosha kukosa.

Ukikosa, jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, kisha uwe unachungulia mwenyewe. Watu hughairi kwa wingi pale muda wa kughairi bila adhabu unapokaribia kwisha, kwa hiyo ujue siku hiyo ni ipi kwenye klabu yako.

Halafu kuna upande wa kuhifadhi na kukopa pointi, ambao unawaliza wengi kuliko kukosa chumba. Mwaka wa pointi zako huenda hauanzi Januari. Kwa Disney unaruhusiwa kuzisogeza pointi kwenda mwaka unaofuata ndani ya miezi 8 ya kwanza ya mwaka wako tu. Ukipitisha, utazitumia au zitakufa. Zikishasogezwa mara moja, hazisogezwi tena. Ukighairi safari zikiwa zimebaki siku zisizozidi 30, pointi huwekwa kando, na utaweza kuzitumia tu kwa safari itakayoanza ndani ya siku 60 tangu siku unapobuku, yaani kwa masalia. Klabu nyingine zina sheria zao za namna hiyo, na zingine hutoza ada ya kusogeza. Chapa kanuni hizi kwenye karatasi moja na uibandike pale unapohifadhi bili.

Na pointi za klabu kuzigeuza kuwa pointi za hoteli? Fanya hesabu ya usiku ule ule kabla ya kubofya. Karibu kila mara unakuwa umelipa ada kubwa ili upate vocha ndogo.

Kikao cha "taarifa kwa wamiliki"

Umewasili, umechoka, unataka ufunguo wa chumba. Unapewa kibali cha maegesho, na aliyekupa anakuelekeza meza ya pembeni ambako mtu mchangamfu anakukaribisha kifungua kinywa cha bure kesho saa tatu, "dakika tisini tu, kuna mabadiliko muhimu kwenye akaunti yako". Hicho ni kikao cha mauzo. Mabadiliko muhimu yanayokuhusu kisheria hutumwa kwa maandishi.

Jibu langu ni kutokwenda. Zawadi ya kadi ya dola mia au mia mbili haitoshi kulipia asubuhi ya likizo uliyokwisha kuigharimia, achilia mbali hatari ya kutoka na mkopo mpya. Sema, "Ahsante, hatutahudhuria, na tunaomba iandikwe hivyo." Ufunguo wa chumba hautegemei kikao.

Ukienda hata hivyo, utasikia mambo haya kwa mpangilio huu au unaokaribiana. Pointi zako ni za mfumo wa zamani unaofungwa. Ukinunua kidogo zaidi utapanda daraja na ada itapungua. Kuna mpango wa kampuni kuzinunua tena baadaye. Ukikodisha pointi, zitajilipia ada. Atakuchorea hesabu kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, hoteli za miaka ishirini upande mmoja, pointi upande mwingine. Mwishoni omba karatasi ile. Ataikunja na kuiweka kwenye jalada lake, na hapo ndipo utakapojua uzito wa kilichoandikwa.

Kwa sababu kwenye mkataba kuna kifungu, mara nyingi chenye kisanduku cha kuweka herufi za kwanza za jina lako, kinachosema hukutegemea maneno yoyote ya mdomo. Ukishakisaini, ahadi zote za meza ile zimefutwa kwa mkono wako mwenyewe. Mwanasheria Mkuu wa Arizona alifikia makubaliano na Diamond Resorts Desemba 2016 baada ya mamia ya malalamiko, mengi yakihusu kauli za mdomo kuhusu kupanda kwa ada, kuuza tena na kununuliwa tena na kampuni. Kampuni ililipa dola 800,000. Dai lolote unaloambiwa, omba lioneshwe kwenye ukurasa na kifungu. Likikosekana, halipo.

Kupangisha na kuuza

Ukiwa hutumii pointi mwaka huu, unaweza kumpangishia mtu nafasi uliyobuku. Klabu nyingi zinaruhusu kwa kiasi na kukataza kuifanya biashara, kwa hiyo soma kikomo kwanza. Lengo liwe kurudisha ada ya mwaka, faida usiitegemee. Buku tarehe zinazogombewa, tumia mkataba wa maandishi, pokea malipo yote kabla ya kubadilisha jina la mgeni.

Kuuza ni habari nyingine. Angalia bei ambazo pointi kama zako zimeuzwa kweli, kwani bei iliyotangazwa ni ndoto ya muuzaji. Kwa klabu nyingi utakuta zinaondoka kwa dola moja, au mwenye nazo anamlipia mnunuzi gharama za uhamisho. Disney ni kati ya chache zinazobaki na thamani, na hata huko kampuni imebana: tangu Januari 19, 2019, anayenunua pointi za majengo 14 ya awali kutoka kwa mmiliki mwingine haruhusiwi kuzitumia kwenye majengo mapya, na anayenunua za Riviera, mojawapo ya majengo hayo mapya, kwa njia hiyo anazitumia Riviera peke yake. Kampuni hizo hizo zinazosema pointi ni uwekezaji ndizo zinazozipunguzia thamani mara tu zinapotoka mkononi mwa mnunuzi wa kwanza.

Kutoka

Kama daftari limesema uondoke, anza na kampuni yenyewe. Wengi huruka hatua hii kwa sababu hawawaamini tena, na ndipo wanapoangukia mikononi mwa matapeli. Kampuni kubwa kadhaa zina utaratibu wa kupokea umiliki, na ARDA, chama cha kampuni za biashara hii Marekani, kina ukurasa unaoonyesha pa kupiga simu kwa kila moja. Mara nyingi masharti ni mawili: mkopo uwe umekwisha na ada isiwe na deni. Usiseme umekasirika. Sema huwezi tena kutumia, taja umri, ugonjwa, msiba au kupungua kwa kipato kama vipo, na uulize wanahitaji nyaraka gani. Ukiambiwa hakuna mpango, omba jina la aliyekujibu, kisha andika barua. Jaribu tena baada ya miezi michache, sera hubadilika.

Anayekupigia simu akisema ana mnunuzi tayari, au atakutoa kwenye mkataba kwa uhakika, mradi ulipe kwanza, kata simu. Mwaka 2022 tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, FTC, pamoja na jimbo la Wisconsin walilishtaki kundi la "watoaji" kwa madai ya kuwachukulia watu, wengi wao wazee, zaidi ya dola milioni 90. Kuna wabaya zaidi. Mamlaka za Marekani zimeeleza jinsi kundi la dawa za kulevya la Jalisco linavyoendesha vituo vya simu vinavyowawinda wenye likizo za Mexico: "mnunuzi" anapatikana, kisha inadaiwa kodi, kisha ada ya kibali, kisha anapiga "ofisa wa serikali" kudai faini. FBI ilihesabu waathiriwa wapatao 6,000 na hasara inayokaribia dola milioni 300 kati ya 2019 na 2023. Wanajua jina lako, jengo lako na namba ya mkataba, kwa hiyo kujua kwao mambo hayo si ushahidi wa lolote.

Kuacha tu kulipa ni njia ambayo wapo wanaoichagua. Ijue gharama yake: wakusanya madeni, doa kwenye rekodi ya mikopo, na kunyang'anywa umiliki kwa utaratibu wa kisheria. Deni likisamehewa, Marekani linaweza kuhesabiwa kama kipato na kutozwa kodi. Zungumza na wakili wa jimbo husika, unayemlipa kwa kazi yake na si kwa ahadi ya matokeo.

Warithi nao waambiwe mapema. Marekani, mrithi hana lazima ya kupokea. Anaweza kuukataa urithi huo kwa maandishi, na kwa upande wa kodi ya shirikisho muda wake ni miezi 9 tangu kifo. Asiwe ameshautumia: akilala hata usiku mmoja kwa pointi za marehemu au akilipa ada kwa jina lake, kukataa kunaweza kumponyoka.

Ukifanikiwa kutoka, usiishie kwenye barua pepe ya "ombi lako limekamilika". Kama ulikuwa na hati, uhamisho lazima usajiliwe kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti jengo lilipo. Omba nakala yenye namba ya usajili, na barua ya kampuni inayosema salio ni sifuri na akaunti imefungwa. Ondoa kadi yako kwenye malipo ya kujiendesha. Msimu wa bili ukifika, ingia uangalie kama jina lako bado lipo. Likiwepo, tuma nakala ile ya kaunti siku hiyo hiyo, kabla ada haijageuka deni.